Sumaku Haisikii Nailoni: Historia Fupi ya Sauti ya Gitaa



Kamati ya maandalizi iliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida hili, nadhani ilitarajia niandike juu ya majengo, wakuu wa shule na matokeo ya mitihani. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika, tena vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya kitu kidogo kiasi cha kufichwa katika kiganja cha mkono, nacho ni kile kifaa kinachotiwa kwenye gitaa ili mlio wake ufike katika amplifaya. Wapiga muziki wetu hukiita pikapu, jina lile lile la gari la mizigo, wala si jina baya, maana kazi yake ni kubeba. Katika makala haya nitakiita kinasa.

Sababu zangu ni mbili. Kwanza, gitaa la zamani la shule limekutwa stoo, nyuma ya meza mbovu za maabara, na wanakamati wamegawanyika. Wako wanaotaka litundikwe ukutani kama kumbukumbu na linunuliwe jingine jipya. Wako wanaotaka litiwe kinasa kipya, lipigwe. Pili, nina deni linalohusu gitaa hilo, na siwezi kulilipa bila kueleza kwanza jinsi kinasa kinavyofanya kazi na kilivyopata kuwapo. Dawa ya deni ni kulipa, na mkutano huu ndio mahali pake.

Mahafali ya mwaka 1997

Waliosoma nami wanalikumbuka gitaa lile. Lilikuwa gitaa kavu, kubwa, la nyuzi za chuma, ubao wake wa mbele umegeuka rangi ukawa kama chai ya rangi. Katika tundu la sauti palikuwa pamebanwa kinasa cha chuma, chembamba, kirefu kama vidole viwili, na waya wake ulitokea nyuma, kwenye kitako cha gitaa. Liliachwa na mwalimu mmoja aliyehama kabla yetu. Klabu ya muziki ilikuwa na gitaa hilo, ngoma mbili na amplifaya moja. Mpiga gitaa nilikuwa mimi. Mtunzaji wa amplifaya alikuwa mwenzangu wa kidato cha tatu, ambaye kwa ombi lake mwenyewe simtaji jina.

Siku mbili kabla ya mahafali ya kidato cha nne uzi wa kwanza ulikatika, na nilipokuwa nikiufunga upya ukakatika wa pili. Nikapewa fedha na ruhusa ya kwenda mjini. Duka lililouza nyuzi lilikuwa moja, na siku ile lilikuwa na seti moja tu, ya nailoni. Nikainunua. Nyuzi tatu nyembamba zilikuwa nyeupe kama mshipi wa kuvulia samaki, lakini zile tatu nene zilikuwa zimezungushiwa waya mwembamba unaong'aa, nami nikajiambia kwamba hizo angalau ni chuma. Usiku ule nikabadili zote sita, nikazifunga mafundo ili zishike, nikazijaribu bwenini bila amplifaya. Mlio ulikuwa laini, nikaupenda. Sikumwambia mtu.

Kesho yake, mbele ya mgeni rasmi, wazazi na shule nzima, nilipiga na hakuna kilichosikika. Mwenzangu akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza mpaka mwisho, spika ikatoa mvumo mzito kama nyuki ndani ya mzinga, na gitaa likabaki bubu. Watu wakaanza kucheka. Tukashuka jukwaani.

Jioni ile swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: nani ameharibu amplifaya? Mtunzaji alikuwa anajulikana. Akatolewa katika klabu, akang'oa kisiki kwa muda wa juma zima, na mzazi wake akaandikiwa barua achangie gharama za matengenezo. Amplifaya ikapelekwa kwa fundi mjini, ambaye hakuona ubovu wowote. Wakati huo nyuzi za chuma zilikuwa zimepatikana. Nikazifunga, amplifaya ikarudi, na gitaa likalia kama zamani. Shule nzima ikaamini kwamba fundi ameiponya. Mimi nilihisi kwamba nyuzi zilihusika, ila sikujua kwa vipi. Kutojua huko nikakufanya kisingizio cha kunyamaza.

Jibu nililipata mwaka 2002, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nilisoma historia. Mwenzangu wa chumbani alisoma uhandisi. Usiku mmoja nilimsimulia kisa hiki kama kichekesho. Hakucheka. Akachukua sumaku aliyoitoa katika spika mbovu, akaisogeza kwenye uzi mnene wa gitaa la nailoni lililokuwa chumba cha jirani. Sumaku haikushika. Waya ule unaong'aa ni shaba iliyopakwa fedha, na ndani yake mna nyuzinyuzi za nailoni. Akaisogeza kwenye uzi wa chuma, ikanata papo hapo. Akasema: "Kinasa chenu kilikuwa kizima. Hakikuwa na cha kunasa."

Sisi watumishi wa serikali tunajua namna faili linavyoweza kukaa mezani "likishughulikiwa". Faili hili lilikaa mezani pangu tangu usiku ule. Lakini lilinifanya nisome, nami sasa nawaletea niliyoyasoma.

Gitaa lisilosikika

Tatizo la gitaa ni la kale, na ni dogo kulieleza: halisikiki. Uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha. Unahitaji ubao na tundu uusaidie, na hata hivyo sauti yake hutosha sebule tu. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, bendi za dansi zilikuwa na tarumbeta, saksafoni na ngoma, na mpiga gitaa aliyeketi katikati yao alionekana mkono ukienda juu na chini bila kusikika. Bendi nyingi zilimweka mpiga banjo badala yake, kwa kuwa banjo ina kelele zaidi.

Mafundi walijaribu kwanza njia isiyo ya umeme. Mwaka 1927 John Dopyera, fundi mhamiaji huko California, alitengeneza gitaa lenye sahani za alumini ndani yake, nyembamba, zenye umbo la koni, zikitikisika kama spika. Aliyemchochea ni mpiga gitaa aliyeitwa George Beauchamp, ambaye alikuwa amechoka kufunikwa na wenzake jukwaani. Sauti ikaongezeka, lakini haikutosha. Beauchamp akageukia umeme.

Msingi wa alichofanya ulikuwa umejulikana kwa miaka 100. Mwaka 1831 Michael Faraday, huko Uingereza, alionyesha kwamba uga wa sumaku ukibadilika karibu na waya, mkondo wa umeme huzaliwa katika waya huo. Beauchamp akachukua sumaku, akaweka koili ya waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi mno, akapitisha nyuzi za chuma juu yake. Uzi wa chuma ukitikisika hutikisa uga wa sumaku. Uga ukitikisika huzaa mkondo mdogo ndani ya koili. Mkondo huo huenda kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika ukiwa sauti. Gitaa la majaribio lilipatikana mwaka 1931, na mwaka 1932 yeye na Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa la alumini lenye umbo la kikaango, hata likapewa jina hilo. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1937.

Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ikatoa gitaa lililoitwa ES-150, na mwaka 1939 kijana mmoja, Charlie Christian, akaingia nalo katika kundi la Benny Goodman. Christian alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1942, hajatimiza miaka 26. Katika miaka hiyo michache alilitoa gitaa katika kazi ya kusindikiza, akalifanya lizungumze mstari mmoja mmoja kama saksafoni. Wale waliokua wakisikiliza Morogoro Jazz na solo ya Mbaraka Mwinshehe wanajua njia hiyo ilifika wapi.

Bei ya sumaku

Lakini kinasa cha sumaku kina tabia mbili ambazo hazina budi kueleweka.

Ya kwanza ni ile iliyonipata mimi: kinasikia chuma peke yake. Gitaa la klasiki, lenye nyuzi za nailoni, kwake ni kama halipo.

Ya pili ni kwamba kinasikia uzi, hakisikii ubao. Gitaa kavu linapendwa kwa sababu ya mti wake: namna ubao wa mbele unavyopumua, namna hewa ya ndani inavyojibu. Yote hayo sumaku haiyajali. Katika miaka ya 1930 fundi Harry DeArmond alianza kutengeneza vinasa vya kubandika, ambavyo mtu aliweza kuvifunga kwenye gitaa lake bila kulitoboa. Kinasa cha gitaa letu la shule ni wa ukoo huo. Mwaka 1954 Gibson wakatoa gitaa kavu lenye kinasa ndani yake tangu kiwandani, J-160E. John Lennon na George Harrison wa Beatles walinunua ya kwao mwaka 1962. Ukisikiliza gitaa la aina hiyo kupitia amplifaya, utadhani ni gitaa la umeme. Mti umebaki nyumbani.

Kuna na tatizo la mluzi. Gitaa kavu ni sanduku tupu. Spika ikilia karibu nalo, sanduku hutikisika. Mtikisiko huingia kwenye kinasa, hurudi kwenye spika, hutikisa tena sanduku, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Gibson walijaribu kupunguza balaa hilo kwa kutumia ubao wa plaiwudi, ambao hautikisiki kwa wepesi; yaani waliua sehemu ya sauti ili kuokoa iliyobaki. Mwaka 1964 gitaa la Lennon, likiwa limeegemezwa kwenye amplifaya, lilipiga mluzi wa namna hiyo studioni, nao Beatles wakauweka kwa makusudi mwanzoni mwa wimbo wao "I Feel Fine". Wao walikuwa na studio ya kuchagulia kosa la kuweka na la kufuta. Katika ukumbi wa shule mluzi ni mluzi tu.

Iko pia njia ya maikrofoni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, katika Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Palikuwa na kijana, gitaa kavu na maikrofoni, na ndivyo tulivyopata "Masanga". Hakuna kinasa kinachofikia ukweli wa maikrofoni nzuri mahali palipotulia. Bali weka maikrofoni hiyo hiyo mbele ya gitaa jukwaani, kando ya ngoma na spika, nayo itanasa kila kitu, na mpigaji hataweza kusogea hata hatua moja.

Fuwele za ndugu wawili

Suluhisho lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani, kwatzi ikiwa mojawapo, zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Pierre alikuwa na umri wa miaka 21. Tabia hiyo ikaitwa piezo, kutokana na neno la Kigiriki la kubana. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin aliitumia kutafuta nyambizi baharini. Baadaye wataalamu wakajifunza kutengeneza vigae vyenye nguvu kubwa zaidi ya hiyo kuliko fuwele za asili, na mwaka 1969 Heiji Kawai, Mjapani, akaionyesha hata katika plastiki.

Faida yake kwa gitaa ni hii: piezo haijali chuma. Inajali kubanwa na kutikisika tu. Iweke chini ya kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi juu ya daraja, au ibandike ubaoni, nayo itasikia uzi wa nailoni sawasawa na wa chuma, na itasikia hata kidole kikigonga mti.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Baldwin, iliyojulikana zaidi kwa piano, ilitia kinasa cha namna hiyo kiitwacho Prismatone katika gitaa la nyuzi za nailoni. Mojawapo lilikuwa la mwimbaji Willie Nelson. Mwaka 1969 mlevi mmoja alilikanyaga gitaa hilo. Nelson akalipeleka Nashville kwa fundi Shot Jackson, ambaye aliona haliponi. Hata hivyo kinasa chake kilikuwa kizima. Fundi akakitoa, akakitia katika gitaa jingine la klasiki, Martin N-20. Nelson akaliita Trigger, jina la farasi wa mcheza filamu Roy Rogers, akalipiga kwa zaidi ya nusu karne. Kucha na kipigio chake vimetoboa ubao, na tundu la pili limefunguka kando ya lile la asili. Hakulitupa wala hakulitundika ukutani.

Nawaomba wanakamati walikumbuke gitaa hilo wanapojadili letu.

Charles Kaman, aliyekuwa mhandisi wa helikopta na mpiga gitaa, alianzisha kampuni ya Ovation mwaka 1966. Ndiye aliyeeneza mpango unaotumika mpaka leo: piezo chini ya mfupa, na ndani ya gitaa kikuza kidogo cha awali chenye betri. Kikuza hicho si pambo. Umeme wa piezo ni dhaifu kwa namna ya pekee: ukiuunganisha moja kwa moja na mashine iliyozoea vinasa vya kawaida, mashine huunyonya, besi hupotea, na kinachobaki ni mlio mwembamba unaokwaruza kama bati. Unahitaji kupokewa na saketi yenye ukinzani wa omu milioni moja au zaidi. Wengi hununua kinasa kizuri, wakakosa kikuza, kisha wakakilaumu kinasa. Kwa mara nyingine analaumiwa asiyehusika.

Tulivyolifungua gitaa letu

Mwaka huu, kabla ya kumwita fundi, nilimpigia simu mwenzangu yule. Tulikuwa hatujazungumza tangu shule. Nikamweleza yote: duka, nailoni, usiku wa bwenini, na sumaku ya chuo kikuu. Alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kunifanya nidhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Na sasa linalia?"

Nikamwambia halilii, kinasa chake kimekufa.

Akasema, "Basi tuliamshe kwanza. Hayo mengine tutayazungumza tukionana."

Kamati ilituruhusu kwa sharti moja, kwamba lisitobolewe tundu jipya. Mwenzangu alikuja kwa basi, akakuta fundi na mimi tumekwisha kulilaza gitaa juu ya blanketi katika maabara ya fizikia. Fundi aliweka mita kwenye ncha mbili za waya wa kinasa cha zamani, mshale haukusogea. Waya wa koili, ambao ni mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umekatika mahali ndani kwa ndani. Kinasa hicho chaweza kusukwa upya, lakini tukijua tuyajuayo tuliona heri tubadili aina.

Palikuwa na njia mbili. Piezo ya chini ya mfupa ingetulazimu kuupunguza mfupa na kutoboa daraja, na sharti la kamati lilikataza. Tukachagua ya pili: vidonge vitatu vya piezo, vyembamba kama sarafu, vya kubandika kwa ndani, upande wa chini wa daraja. Havikati mti popote, na waya wake ulipita katika tundu lile lile la zamani la kitakoni. Kikuza cha awali tulikiweka nje, katika kiboksi kinachofungwa kwenye mkanda wa mpigaji, ili betri ibadilishwe bila kuingiza mkono ndani ya gitaa.

Kazi iliyochukua muda mrefu ilikuwa kutafuta mahali. Fundi alibandika vidonge kwanza kwa utepe wa gundi, nami nikapiga. Mwenzangu alisimama kwenye amplifaya akisikiliza. Vidonge vilipokuwa karibu mno na ukingo wa daraja nyuzi nyembamba zilipiga kelele na besi ikafifia. Vikisogezwa kwa upana wa kidole, besi ilivimba ikaleta mvumo. Mara ya tano au ya sita mwenzangu akainua mkono. Sote tuliusikia: mti. Mlio ulikuwa wa gitaa lile tulilolijua bwenini, isipokuwa sasa ulijaza chumba. Ndipo fundi akavigandisha moja kwa moja.

Ninyi wa klabu ya muziki, shikeni haya. Vinasa vya namna hii husikia mwili wote wa gitaa, kwa hiyo hupiga mluzi upesi; wekeni spika mbele yenu, zisitazame gitaa, na mkilazimika kupiga kwa sauti kubwa zibeni tundu la sauti kwa kizibo cha mpira. Toeni betri mkimaliza msimu. Mkikosa nyuzi za chuma mkatia nailoni, gitaa litalia kwa upole, lakini litasikika. Kinyume chake msithubutu: nyuzi za chuma hukaza karibu mara mbili ya nailoni, na zikifungwa kwenye gitaa la klasiki huweza kung'oa daraja.

Kinasa cha zamani hatukukitupa. Kimo katika sanduku la gitaa, kimefungwa katika kitambaa pamoja na sumaku yake, na mwalimu wa fizikia amekwisha kuomba akitumie darasani. Wanaotaka kumbukumbu ya kutundikwa wanayo hiyo.

Deni

Kazi ilipokwisha tuliketi nje ya maabara, karibu na mahali alipong'oa kile kisiki. Nilimwomba radhi. Hakusema kwamba si kitu. Alisema kwamba baba yake alilipa ile fedha ya matengenezo kwa kuuza mbuzi wawili, na kwamba mpaka anafariki mzee aliamini mwanawe ni mharibifu wa vitu vya watu. Akasema kilichomuuma zaidi ya kisiki ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza ameona nini. Angeulizwa, angesema kwamba taa ya amplifaya ilikuwa inawaka na spika ilikuwa inavuma, kwa hiyo ubovu ulikuwa upande wa gitaa. Alikuwa na miaka 16 na alikuwa amekwisha kulitatua jambo lililonichukua mimi mpaka chuo kikuu.

Nilimuuliza nifanye nini. Akajibu: "Liandike. Lakini liandike mahali watakaposoma wale waliocheka."

Kwa hiyo naliandika hapa, katika jarida la shule yetu, wanapolisoma waliokuwa ukumbini siku ile na watoto wao. Katika mahafali ya mwaka 1997 amplifaya haikuwa na kosa, na mtunzaji wake hakuwa na kosa. Nyuzi nilibadili mimi, nikanyamaza nilipopaswa kusema. Gharama ya mbuzi wawili nimeirudisha kwa familia yake. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya deni.

Siku ya mkutano wetu gitaa litapigwa na kijana wa kidato cha tatu, aliyechaguliwa na klabu yake. Kando ya amplifaya atasimama mtunzaji wetu wa zamani, kwa hiari yake. Mkimwona, mfuateni mumsalimu.